Mashuka Juu ya Miche

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na hilo kwa sababu najua hata ukinuna vipi, shikamoo ya mwanao huwezi kuiacha ikae hewani bila marahaba. Kwa hiyo nahesabu kwamba umeshaitikia, tuendelee. Goti linasemaje? Dada ananiambia siku hizi unateremka ngazi za nyuma kinyumenyume, na ukiambiwa utumie mkongojo unauliza nani kawa mzee hapa. Na macho je? Kama miwani iko pale pale juu ya kabati, kaivae kwanza, maana barua hii ni ndefu na sitaki umpe mtu mwingine akusomee.

Mimi ni mzima. Nimeungua jua shingoni, mikono imeota sugu, na nimepungua kidogo, lakini nala na nalala vizuri kuliko nilivyolala kwa muda mrefu.

Nimekupigia simu ukaikata. Nikapiga tena, ukaikata hata haijalia sawasawa. Ndiyo maana naandika. Barua haina pa kubonyeza ikakatika. Labda uichane, na wewe huwezi kuchana kitu ambacho hujakisoma, kwa udadisi uliojaliwa.

Ujumbe wako nimeupata kwa Dada, neno kwa neno, mpaka na kile kikohozi chako cha katikati. Umesema niende kwa Mjomba, nipige magoti sebuleni kwake, niseme nimekosa. Umesema tangu Baba alipotutoka, aliyenishika mkono ni kaka yako huyo, na kwamba mtu hakati mti unaomstiri jua. Umesema ukoo mzima unaniona kama niliyerogwa. Mama, siendi. Nalisema mapema ili usisome kwa matumaini. Lakini wewe umesikia upande mmoja, tena kwa mdomo wa mtu mwenye hasira. Kaa kitako nikusimulie tangu mwanzo, na tafadhali usiruke kurasa kutafuta mwisho. Nakujua.

Unakumbuka ule mlima uliomeguka nyuma ya shule ya bweni ya wasichana, kwenye zile mvua mbaya. Udongo ulishuka mchana, wasichana wakiwa madarasani, ukalimeza jiko na nusu ya bweni. Hakufa mtu, na kila mmoja akasema ni bahati. Mwalimu Mkuu wa shule ile, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu, hakutaka kulaza watoto wa watu kwa bahati. Alikaa kwenye mabenchi ya halmashauri mpaka wakachoka kumwona, wakakubali mlima upandwe miti ya asili, ile inayozamisha mzizi mkuu chini kabisa na kuushika udongo. Kazi ya kukuza miche akapewa Mjomba. Wewe mwenyewe ulipiga vigelegele.

Mimi ndiye niliyeziotesha mbegu zile kitaluni kwake. Nilizilowesha, nilizipanda kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki iliyo kama glasi ndefu, nikazitazama zikipasua udongo. Sasa kiriba, Mama, ni chumba cha kupanga, si nyumba ya kuishi. Mche ukifika kimo chake unatakiwa uhame. Lakini siku ya kupanda iliahirishwa, mgeni rasmi alikuwa safarini. Ikapangwa nyingine, mgeni rasmi akaumwa. Ikapangwa nyingine tena, akabadilishwa mgeni rasmi. Mvua zikapita, zikaja nyingine zikapita, na miche imo kwenye mifuko ileile kama wanafunzi wanaorudishwa darasa.

Mjomba naye, ili ipendeze macho, akaagiza neti ya pili ya kivuli itandazwe juu ya ile ya kwanza. Kitalu kikawa na kigiza kama cha stoo. Miche ikarefuka mbio ikitafuta mwanga, myembamba kama waya, majani mapana na laini. Watu walipita barabarani wakasimama kuisifia. Mama Kofia hakuisifia. Huyu ndiye msimamizi wa kina mama wanaojaza udongo na kumwagilia, na tunamwita hivyo kwa sababu kofia yake ya majani haivui hata akiitwa ofisini. Yeye alisema miche ile imevimba, haikunenepa, na mgonjwa aliyevimba hapongezwi kwa unono.

Siku moja nilichukua mche mmoja, ule uliokuwa mzuri kuliko yote, nikachana kiriba kwa wembe, nikauosha mzizi ndani ya ndoo. Nilipoutoa majini nilikaa chini. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka mpaka kitako cha mfuko, ukakosa pa kwenda, ukageuka, ukapanda, ukajizungusha na kujizungusha mpaka ukajikaba shingo wenyewe. Nikaosha wa pili, nikaosha wa tatu, mambo yakawa yaleyale. Juu bibi harusi, chini fundo.

Nikampelekea Mjomba mche mmoja ofisini, maji yakimdondokea sakafuni. Akautazama, na hakushtuka. Mama, hapo ndipo paliponiuma. Angekuwa hajui ningemweleza kwa adabu na mambo yangeisha. Lakini mimi haya sikuyajua kwanza kule chuo cha misitu, kule walinipa majina yake tu. Aliyenifundisha ni yeye. Nilikuwa bado msichana wa sare za shule aliponipeleka barabara ya hospitali, asubuhi baada ya upepo mkali, kunionyesha mti ulioangukia ukuta. Mti mnene, huwezi kuukumbatia. Akaniambia nisitazame matawi, nitazame shina linapoishia. Mizizi ilikuwa imejiviringa pale chini ikabaki na umbo la mfuko, mfuko uliotupwa kabla mimi sijazaliwa. Akaniambia mti wa namna hiyo huishi vizuri tu, unachanua na unazaa, mpaka siku utakapotakiwa kushikilia kitu.

Nilimkumbusha maneno yake hayo. Akacheka, akasema watu watapiga picha majani, hakuna mtu duniani anayepiga picha mizizi. Nikamuuliza na mlima je? Akasema mlima utapata miti kama walivyoomba. Nikamuuliza na wasichana wanaolala chini yake? Akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo, akasema miti ile haitaanguka kesho wala keshokutwa, na ikija kuanguka yeye atakuwa keshazikwa na mimi nitakuwa nalea wajukuu.

Sikutoka. Nilimwambia dawa ipo, nayo anaijua. Tupasue viriba, tukate ile sehemu ya mzizi iliyojisokota, tupunguze majani nusu, tuihamishie kwenye viriba vikubwa, kisha tuiache kivulini itulie mpaka itoe mizizi mipya. Halafu kivuli tukiondoe kidogo kidogo, miche izoee jua kabla ya kupelekwa mlimani. Ni kusubiri mvua zijazo tu. Sikumficha kwamba mingine itakufa. Akasema tarehe imeshatangazwa, mgeni rasmi safari hii anakuja kweli, na neti zitaondolewa asubuhi ileile ya kupakia lori. Yaani mche uliokulia gizani utolewe leo, kesho uwe juu ya mlima kwenye jua la kupasua mawe, na mzizi wenyewe ni fundo! Nikamwambia huko si kupanda, huko ni kuzika kwa heshima. Basi akasimama. Akasema nisimfundishe kazi chini ya paa lake, na nisisahau nimekulia kwenye kivuli cha nani.

Nikasema sijasahau. Nikatoka na mche wangu.

Sasa tufike kwenye harusi ya binti yake. Sherehe zile mlizila siku kadhaa, na kitalu kilifungwa vibarua wote wakapumzike. Funguo za geti zilikuwa kwa watu watatu: Mjomba, mimi, na Mama Kofia. Mimi unajua nilituma salamu kwamba nina homa kali. Wewe ulinipigia simu katikati ya ngoma kuniuliza kama nimekunywa dawa, na nyuma yako namsikia mtu anakuita uje kucheza.

Harusi ilipokwisha, Mjomba akafungua kitalu, akakuta miche ya mlima imehamishwa. Viriba vya zamani vimerundikana kama magamba ya nyoka. Ndoo zimejaa vipande vya mizizi. Miche yenyewe imo kwenye viriba vikubwa, majani nusu, imenyong'onyea kama kuku walionyeshewa. Alipiga kelele mpaka fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani kafa. Aliposhusha pumzi akasema ni Mama Kofia. Ufunguo anao, na juzi tu aligombana naye kwa kudai viatu vya mpira vya kina mama. Akamfukuza pale pale mbele ya wenzake, akimwita mwizi na mharibifu, na yule mama kasimama na kofia yake.

Nilimfuata Mjomba ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia jambo moja. Akaniambia hakulisikia, na nisilirudie. Jambo hilo utalikuta mbele, usiruke.

Kisha, kwa hasira, akafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kama alikifikiria. Aliamuru neti zote mbili ziteremshwe. Akasema kama watu wameamua kuharibu, basi jua nalo limalizie. Labda nikueleze, Mama. Mche uliokatwa mizizi ni kama mtu aliyetoka kupasuliwa, kinywa cha kunywea maji hana. Ukiuweka juani, majani yanadai maji, mizizi haina cha kuyapa, na kabla ya saa sita umekauka umesimama. Nilitembea kati ya matuta naona ncha zinajikunja moja baada ya nyingine. Nilibeba maji mpaka mabega yakafa ganzi, na maji yenyewe hayasaidii.

Mama Kofia alikuwa hajaenda mbali. Alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya geti, anatutazama kupitia matundu ya waya. Akainuka akaenda zake. Nikasema moyoni, ana haki, hata mimi ningeenda. Baada ya kitambo nikamwona anarudi, kabeba mashuka mawili begani. Akanifokea kupitia waya kwamba kama nina ufunguo wa mapambo niseme, la sivyo nifungue.

Nikafungua. Alifunga shuka la kwanza kwenye nguzo za neti, akawageukia wenzake akawauliza kama leo wanalala au wanakufa, maana kama hawafi basi mashuka yao wanayahitaji jioni tu. Wakaondoka wakikimbia. Mama, ungeona! Walirudi na mashuka ya kila namna: yaliyofifia, yenye viraka, la mtoto lenye picha za sungura, na moja lina mhuri wa hospitali ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza lilifikaje nyumbani kwa mtu. Tukayafunga kwa kamba, kwa vibanio vya nguo, hata kwa riboni za ile harusi. Mjomba kasimama dirishani mikono nyuma.

Tulipungukiwa kwenye tuta la mwisho. Hapo akatokea Mkaza Mjomba kwa mlango wa jikoni wa nyumba yao pale kando ya kitalu, bado ana hina ya harusi mikononi. Alikuwa amekumbatia yale mashuka ya maua makubwa ya zambarau, uliyompa wewe, ambayo tangu umpe hajawahi kuyatandika kwa kuogopa yatachakaa. Alinipa ncha moja nishike, akaenda na ncha ya pili. Mumewe akafungua dirisha, wakatazamana. Dirisha likafungwa. Vibarua anaweza kuwafukuza, Mama, lakini mke hafukuzwi kazi.

Jioni ile Mjomba aliniita sebuleni. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alinimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza hali yako, akacheka kuhusu namna ulivyocheza harusini. Ndipo akasema kesho anakuja Afisa Misitu wa halmashauri pamoja na Mwalimu Mkuu, wamesikia, na mimi ndiye mtaalamu wa kitalu, kwa hiyo wataniuliza mimi. Akataka niseme kwamba ni Mama Kofia.

“Sema uliona dalili,” akaniambia. “Hata usiseme ulimwona. Sema dalili.”

Nikamuuliza yule mama ataishije. Akasema watu kama yule hawakosi kazi ya kufanya. Akaniambia yeye amezeeka, mwanawe kaolewa mbali, na kitalu kile hakina mrithi mwingine zaidi yangu. “Wewe ni damu yangu. Nakufunika, na wewe nifunike.” Mama, alisema kwa upendo. Sitasema uongo, alisema kwa upendo kabisa, na nilikaribia kulia, kwa sababu mtu aliyenionyesha mti wa barabara ya hospitali alikuwa amekaa mbele yangu ananiomba hilo. Chai ile sikuimaliza.

Wageni walifika asubuhi. Afisa Misitu ni bibi mmoja mtaratibu, akiuliza swali anasubiri jibu mpaka mwenyewe unajuta kunyamaza. Walisimama chini ya mashuka, maua ya zambarau yakiwapiga usoni kila upepo ukivuma. Mjomba akaeleza habari ya kibarua mwenye kinyongo, akaeleza vizuri, kwa masikitiko, akamalizia kwamba mpwa wake hapa, ambaye amesomea, atathibitisha. Kina mama walikuwa wamesimama nyuma, na Mama Kofia nje ya geti. Afisa akanigeukia. Akaniuliza ninajua nini kuhusu mkono uliokata miche ile.

Nikainyoosha mikono yangu mbele yake, yenye vidonda vya wembe. Nikasema, “Ni huu hapa. Yote miwili. Mama Kofia hakuwepo.”

Ndiyo, Mama. Sasa umelijua. Sikuwa na homa. Uliponipigia simu kuniuliza kama nimekunywa dawa nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wembe mdomoni, simu nimeibana kwa bega. Niliifanya kazi ile peke yangu tangu nyinyi mlipoondoka kwenda kumsindikiza bibi harusi mpaka mliporudi na mabaki ya pilau, na hilo ndilo jambo nililomwambia Mjomba ofisini akajifanya hakulisikia. Alijua tangu saa ya kwanza. Yule mama alifukuzwa na mtu anayejua kwamba hana kosa.

Mjomba alisema nimechanganyikiwa. Nikamwambia Afisa imebaki miche kwenye tuta la nyuma ambayo sikuiwahi, achague mwenyewe, ndoo ile pale. Akachagua mmoja. Akauosha taratibu kama anayeosha mtoto, akauinua juu, maji yakachuruzika kwenye lile fundo. Mwalimu Mkuu akalishika kwa vidole viwili.

“Hii,” akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, “ndiyo iliyokuwa inakuja kuwalinda watoto wangu?”

Afisa akasema halmashauri haitapokea miche hiyo, na mgeni rasmi atafute kitu kingine cha kufanya siku ile. Kisha akanigeukia mimi pia, usidhani niliponea. Akasema miche haikuwa yangu, kwamba kuna ofisi, na ningekwenda ofisini kwake badala ya kujichukulia wembe. Nikamjibu kwamba nilikwenda, tena si mara moja, na kila mara niliambiwa yuko semina. Kina mama wakaguna. Yule bibi akatazama viatu vyake kwa muda mrefu, akasema ni kweli alikuwa semina.

Walipoondoka, Mjomba hakupiga kelele. Alisema, bila kunitazama, “Chukua vilema vyako utoke navyo.” Alidhani ananitukana. Nikamuuliza mbele ya mashahidi kama ana maana miche yote niliyoihamisha. Akasema yote, hataki kuiona. Basi nikaazima matoroli, na Mwalimu Mkuu aliposikia akarudi na trekta la shule, tukaibeba mpaka shuleni kwake siku ileile na mashuka yake juu yake. Barabarani watu walidhani tunahamisha hospitali.

Mama Kofia nilimfuata kwake, nikamweleza yote nikidhani atanikumbatia. Hakunikumbatia. Alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa nini nilimweleza Mjomba kwanza, chumbani, mlango umefungwa, wakati yeye ametukanwa nje mbele ya watu. Akasema ukweli wake nililala nao mfukoni, na hakuna aliyeniomba nimpe kesi ili baadaye nije nimwokoe. Siku kadhaa baadaye alikuja mwenyewe shuleni, akaangalia jinsi nilivyopanga viriba, akasema nimepanga kama kipofu, akaanza kuvipanga upya. Mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Haniiti kwa jina, ananiita Bi Homa, na kina mama wengine wameshika hilohilo, na nahisi nitazikwa nalo.

Ndipo nilipo sasa. Nina chumba kando ya stoo ya shule, dirisha moja, mlango unaofunga vizuri. Kitalu kipo nyuma ya jiko jipya, chini kabisa ya ule mlima, kila nikiinua kichwa nauona ulivyo na kovu jekundu. Miche karibu nusu ilikufa. Nakwambia hili wazi kwa sababu Mjomba atakwambia, na ni kweli. Ile siku moja ya jua ndiyo iliyoua mingi, na mingine niliiua mimi kwa kukata zaidi ya kiasi, maana siku ya mwisho vidole vilikuwa havisikii tena. Iliyobaki ni mifupi na imepinda, na haina sura ya kupigiwa picha. Tunaifungulia jua la asubuhi tu, wiki inayofuata tunaongeza mpaka karibu na adhuhuri, shuka moja linatoka, jingine linabaki. Majani yaliyoota juani ni madogo na magumu, ukiyashika yanakwaruza. Na kwenye vitako vya viriba vingi mizizi mipya imeshaanza kutoboza, myeupe, inateremka moja kwa moja. Wasichana wanakuja baada ya masomo kuichungulia. Mvua zikija wataipanda wenyewe, hakuna utepe wala mgeni rasmi.

Sasa nirudi kwenye ombi lako. Mama, sikumtukana Mjomba. Sikuinua sauti mbele yake, si siku ile wala baadaye. Kama unataka niombe radhi kwa kukosa harusi ya binti yake, nitaiomba kwa binti mwenyewe, na nimeshamwandikia. Kama unataka niombe radhi kwa kukudanganya kuhusu homa, naomba hapa hapa, nisamehe, sitarudia kukutia wasiwasi. Lakini kwamba nilikata mizizi ile, siombi. Kwamba nilikataa kumtwika mtu asiye na kosa, siombi. Hata akija mjumbe na mjumbe, hata mkutane ukoo mzima sebuleni na mnikalishe katikati kwenye kigoda, nitakaa, nitanywa chai yenu, nitasema haya haya, na mkitaka nitayasema mara ya pili kwa wale wasiosikia vizuri.

Unasema alinifunika jua. Ni kweli, na sitalikana mpaka nakufa. Nilikuwa mdogo na nilikihitaji kivuli kile. Lakini sasa nina umri uliokuwa nao wewe ulipobaki na sisi wanne na jembe moja, shemeji zako wakija kukwambia urudi kwenu, na wewe ukawaambia waliokuja kwa mlango watoke kwa mlango. Hadithi hiyo umetusimulia kila tulipoumwa na kila tuliposhiba. Ulidhani tunasikiliza tu?

Njoo unitembelee. Panda gari la asubuhi, nitakupokea stendi, na hapa hakuna ngazi. Mama Kofia anataka kukuona, anasema ana maneno na wewe kuhusu malezi. Mkaza Mjomba huja siku za sokoni, anajidai amepita tu, na anatusaidia kumwagilia mpaka kikapu chake kinasahaulika. Mashuka yake yamepauka kabisa, maua hayaonekani tena, na hajayaulizia.

Nisalimie Dada na watoto wake, mwambie kikohozi chako alikiiga vizuri mno. Nisalimie jirani wa cherehani na wote wanaoniulizia, hata wale wanaouliza kwa umbea. Ukimwona Mjomba, mfikishie salamu zangu, mwambie shikamoo. Ni salamu, Mama. Usiziongezee neno njiani.

Wako anayekupenda na asiyepiga magoti,

Kitindamimba wako